Salongo bila kapita: namna virusi ya mozaiki inavyojijengea ganda

Ndugu wana-koperative, kila tunapofika katika mikutano yenu na kuanza kusema juu ya mozaiki ya muhogo, swali moja halikosi kutoka, na mara nyingi linatoka kwa mama aliyekaa nyuma kabisa: «Ninyi maagronome, kwa viwavi mnatupatia dawa, kwa ukungu wa nyanya mnatupatia dawa. Juu ya nini kwa mozaiki mnatuambia tu tung'oe?»

Jibu tulilozoea ni fupi: virusi haina dawa ya shamba. Ni jibu la kweli, lakini halimshibishi mtu aliyepoteza nusu ya muhogo wake. Anabaki anafikiri kwamba dawa iko, ila iko kwa wenye franga, ao kwamba sisi hatutaki kuisema. Halafu anapita muuzaji na chupa isiyo na jina, anasema hii ndiyo dawa ya mozaiki, na franga za shule za watoto zinaenda. Basi safari hii tumeamua kuchukua nafasi kubwa ya gazeti letu kueleza virusi imejengwa namna gani. Ukiisha kuona inavyojengwa, utaelewa juu ya nini pampu haiifikii, na pia utaelewa wapi tunaweza kuifunga njia.

Uzi na ganda, basi

Chukua jani la muhogo lenye mozaiki, lile lililojikunja, lenye madoa ya njano na kijani. Ndani yake kuna virusi nyingi kupita hesabu. Kila moja ina vitu viwili tu. Cha kwanza ni uzi wa maagizo, uliofungwa mviringo kama ushanga, wenye herufi karibu 2 800. Cha pili ni ganda la proteini linaloufunika uzi huo, sawa ganda la karanga linavyofunika punje. Zaidi ya hapo, hakuna. Haina mdomo, haina tumbo, haili, haipumui. Kiwavi anakula jani lako, kwa hiyo ukiweka sumu juu ya jani anaikula pia. Virusi haili kitu. Inaingia ndani ya chembe hai za muhogo, na muhogo wenyewe unasoma yale maagizo na kuanza kuitengenezea virusi mpya, ukiacha kazi yake ya kujaza mizizi.

Ganda hilo ni dogo sana. Kata milimita moja mara milioni moja: urefu wa virusi ya mozaiki ni kama 38 ya vile vipande. Ukizipanga moja nyuma ya nyingine, zaidi ya 26 000 zinaingia katika milimita moja. Hata hivyo ganda si kipande kimoja. Ni vipande 110, vyote vya namna moja, vimeshikana.

Juu ya nini vipande vingi vya namna moja? Wataalamu wawili wa Uingereza, Francis Crick na James Watson (huyu wa pili ni Mmarekani, lakini walikuwa wakifanya kazi pamoja Cambridge), walitoa sababu mwaka 1956, na ni sababu ambayo kila fundi wa matofali anaijua. Uzi wa virusi ni mfupi. Hauna nafasi ya kubeba maagizo ya jengo kubwa. Fanya hesabu pamoja nasi. Kipande kimoja cha ganda la mozaiki kina viungo karibu 260, na kila kiungo kinahitaji herufi 3 katika uzi. Hiyo ni herufi kama 780. Kama kila kipande kati ya vile 110 kingekuwa na umbo lake, virusi ingehitaji zaidi ya herufi 85 000 kwa ganda peke yake, nayo ina karibu 2 800 kwa kazi zote. Kwa hiyo inafanya kama fundi masikini mwenye kalibu moja tu ya tofali: anapiga tofali lile lile, tena na tena, na nyumba inasimama.

Nani anapanga matofali?

Hapa ndipo pana jambo lililowashangaza wasomi wenyewe. Kwa matofali yetu kuna fundi. Kwa salongo kuna kapita, anasimama pembeni, anaita majina, anaonyesha nani achimbe mtaro na nani abebe udongo. Ndani ya chembe ya jani hakuna kapita. Vipande vya proteini vinatoka vimoja-vimoja, vinaelea katika maji ya chembe, na baada ya muda maganda yamesimama, kamili, kila kipande mahali pake.

Uthibitisho wa kwanza haukutoka kwa muhogo, ulitoka kwa tumbako. Virusi ya mozaiki ya tumbako ni fimbo ndogo yenye tundu katikati, kama kipande cha tete. Ina vipande 2 130 vya proteini vilivyojizungusha kama ngazi ya kupanda mnara, na uzi umelala katikati yao. Mwaka 1955, huko Berkeley, jimbo la California, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walizibomoa virusi hizo katika labo. Wakaweka proteini katika chombo kimoja, uzi katika chombo kingine. Kisha wakavichanganya tena katika maji yaliyopimwa vizuri ukali wake. Hawakupanga kitu. Fimbo zikarudi kujijenga zenyewe, na zilipopakwa juu ya majani ya tumbako, majani yakaugua. Hakuna chembe hai iliyosaidia, hakuna kapita. Rosalind Franklin, mwanamke aliyefanya kazi London na kufariki 1958 akiwa bado kijana wa miaka 37, ndiye aliyeonyesha kwa picha za mionzi kwamba fimbo ile ina tundu na kwamba uzi umezama katikati ya proteini. Mwenzake Aaron Klug aliendelea na kazi hiyo na akapata tuzo ya Nobel 1982.

Basi nini kinavipanga? Ni mambo matatu, na yote mnayaona nyumbani.

La kwanza ni umbo. Kila kipande kina mabonde na vilima vyake, na sehemu zenye kuvutana na sehemu zenye kusukumana. Ubavu wa kushoto wa kipande kimoja unaingia katika ubavu wa kulia wa jirani wake, sawa mpini unavyoingia katika tundu la jembe lake na kukataa kuingia katika tundu la shoka. Maagizo ya jengo hayakuandikwa pengine. Yamo ndani ya umbo la tofali.

La pili ni kuchukia maji. Mimina mafuta ya mawese katika maji ya sufuria: matone madogo yanatafutana, yanakuwa matone makubwa. Hakuna aliyeyaita. Kila kipande cha ganda kina sehemu za namna hiyo, sehemu zisizopenda maji, na zinapata nafuu tu zinapojificha ubavuni mwa kipande kingine.

La tatu ni kutikisika. Mama anapopepeta, hachagui punje moja-moja kwa kidole. Anatikisa ungo, na kutikisika kwenyewe kunatenga punje na makapi. Ndani ya chembe mtikisaji ni joto. Kitu chochote kidogo namna ile, kikiwa ndani ya maji yasiyoganda, hakitulii hata kidogo. Kinasukumwa huku na huku mara nyingi sana kwa kila sekunde. Ndiyo maana sukari inaenea polepole katika chai hata kama hukukoroga. Vipande vya proteini vinagongana, vinaachana, vinagongana tena, mpaka viwili vikutane ubavu kwa ubavu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sisi wenyewe tulipolisoma mara ya kwanza tuliliona kama limegeuzwa. Mtu angefikiri kwamba ili ganda liwe imara, vipande vinapaswa kushikana kwa nguvu sana tangu mwanzo. Hapana. Kila mshiko mmoja ni dhaifu, na udhaifu huo ndio unaookoa kazi. Kipande kilichoshika vibaya, kimepinda, kina jirani mmoja tu wa kukishika. Mtikiso unaofuata unakiondoa. Kilichoingia sawasawa kinashikwa na majirani watatu, wanne, na hakitoki tena. Ni sawa watu wanaovuka mto uliojaa: mmoja peke yake maji yanamchukua, lakini wakishikana mikono mstari mzima unapita. Wasomi wanaojenga maganda ndani ya chupa wanajua kwamba wakibadilisha maji hata mishiko ikawa mikali mno, makosa hayaachii, na wanapata maganda nusu-nusu, yaliyopinda, yasiyofungika. Jengo linalojijenga lenyewe linahitaji nafasi ya kubomoa makosa yake.

Mwanzo ndio mgumu. Vipande viwili ao vitatu vya kwanza vinaachana mara nyingi kuliko vinavyobaki. Lakini kikundi cha kwanza kikiisha kusimama, vinavyobaki vinaingia mbio. Na katika virusi nyingi uzi wenyewe ndio unaoanzisha kikundi hicho. Kwa mozaiki ya tumbako, kikundi cha kuanzia ni kama sahani ya ghorofa mbili, vipande 17 chini na 17 juu. Mahali fulani katika uzi, si mwishoni bali ndani kidogo, uzi unajikunja kama kitanzi, kitanzi kinaingia katika tundu la sahani, na sahani inajipinda kuwa mwanzo wa ngazi. Kisha uzi unavutwa kupitia tundu na vipande vinaendelea kupanda juu yake. Kwa njia hiyo virusi haipotezi maganda yake kwa kufunga uzi wa muhogo ao wa tumbako: inaanza tu pale inapokuta kitanzi chake.

Balo ya watoto

Si kila virusi ni fimbo. Nyingi ni za mviringo, na hapa tunaomba mtazame balo ya mpira wa miguu, ile ya zamani ya nyeupe na nyeusi. Hesabuni viraka vyeusi, vya pembe tano. Ni 12. Vyeupe vina pembe sita. Ukishona viraka vya pembe sita peke yake unapata kitambaa kilicholala, kama sega la nyuki. Havikunji. Ni vya pembe tano vinavyolazimisha kitambaa kujikunja, na ili kifunge kabisa kuwa balo unahitaji 12, hapana 11, hapana 13. Mwaka 1962 Klug na mwenzake Donald Caspar waliandika kanuni hiyo kwa virusi za mviringo, na mpaka leo ndiyo inayotumika.

Virusi ya migomba, ile inayofanya majani yabanane juu kama kichwa cha fagio, inatumia njia fupi kuliko zote: vikundi 12 vya vipande vitano, basi. Mara tano kumi na mbili ni 60. Balo moja ndogo, vipande 60. Ila uzi wake umekatwa katika sehemu 6, na kila sehemu ina balo yake. Ni barua moja iliyotumwa katika bahasha sita.

Na mozaiki ya muhogo? Hii ni ya ajabu kidogo. Ni balo mbili zilizounganishwa, kama kibuyu chenye kiuno. Kila balo imeacha kikundi kimoja, ikabaki na 11, na mahali palipo wazi ndipo zinaposhikana. Vikundi 11 vya vipande vitano ni 55, na mbili ni 110: ile hesabu tuliyowapa hapo juu. Mwaka 2018 wasomi wa Uingereza waliipiga picha kwa mikroskopu kubwa virusi ya ukoo huo huo, wakaona kwamba pale kiunoni kipande kile kile cha proteini kinabadilisha mkao wake ili kiunganike na upande wa pili. Kalibu ni moja, lakini tofali linaweza kukunja kiwiko kidogo. Na ni urefu wa uzi unaoamua ukubwa wa jengo. Uzi mzima unapata balo mbili. Ukikatika ukawa mfupi, virusi inajenga balo moja tu.

Mozaiki yetu pia ina nyuzi mbili, kila moja katika kibuyu chake. Kwa kawaida inzi mweupe anapaswa kuleta vibuyu vya namna zote mbili ili ugonjwa uenee katika mmea. Kwa bahati mbaya anabeba vingi, na hiyo haimshindi.

Ganda ni la safari

Tumesema sana juu ya ganda. Tuulize sasa: linamsaidia nini?

Katika miaka ya 1980, wasomi walikata sehemu ya maagizo ya ganda katika virusi ya mozaiki ya muhogo. Virusi hiyo isiyoweza kujenga ganda iliwekwa katika mmea. Mmea ukaugua vile vile. Ndani ya mmea, kutoka chembe hadi chembe, uzi unaweza kutembea bila ganda, na kazi yake ya kuharibu inaendelea. Ganda ni nguo ya safari: ni la kutoka mmea mmoja kwenda mwingine, tumboni mwa inzi mweupe.

Jaribio la 1990 lilionyesha hivyo wazi zaidi. Wasomi walichukua virusi ya mozaiki ya muhogo, wakaondoa maagizo ya ganda lake, na mahali pake wakaweka maagizo ya ganda la virusi nyingine, ya biti, inayobebwa na mdudu mwingine kabisa anayerukaruka juu ya majani. Virusi iliyotoka, yenye uzi wa muhogo na ganda la biti, sasa ilibebwa na yule mdudu wa biti. Ganda ndilo linalochagua gari. Inzi mweupe anapofyonza maji ya jani, virusi inapita tumboni mwake, inaingia katika damu yake, inafika katika mate, na anapodunga mmea mwingine inatoka. Kila mlango wa njia hiyo unatambua umbo la ganda. Ganda lisilofaa linaishia tumboni.

Kutoka hapo yanafuata mambo ya shamba ambayo tunaona wengi wanachanganya.

Panga halibebi mozaiki ya muhogo kutoka mmea hadi mmea kwa namna inayofaa kuogopwa. Tumewaona wakulima wanaochoma mapanga yao katika makaa mbele ya kukata miti ya muhogo, halafu wanakata miti hiyo kutoka kwa mama mgonjwa. Wamepoteza makaa, na ugonjwa umeenda shambani ndani ya mti wenyewe. Lakini kwa migomba yenye ugonjwa wa kunyauka, ule unaoivisha ndizi mbele ya wakati na kutoa maji ya njano ukikata shina, ule uliojulikana kwetu tangu 2001 huko Masisi, panga ndilo adui wa kwanza. Ule si virusi, ni bakteria, na panga lisilopitishwa motoni linauhamisha shamba zima kwa asubuhi moja. Basi choma panga kwa migomba. Kwa muhogo, tumia saa hiyo kuchagua mama mzuri.

Na mozaiki ya tumbako? Ile fimbo haihitaji mdudu. Ganda lake ni gumu kiasi kwamba linabaki zima katika tumbako iliyokauka kwa miaka. Mtu anavuta sigara, anashika miche ya nyanya, na vidole vyake vimekuwa inzi. Wanaolima nyanya, nawa mikono kwa sabuni mbele ya kupandikiza, na tumbako ibaki nyumbani.

Jambo la Uganda

Mwisho wa miaka ya 1980 mozaiki kali kuliko ile ya kawaida ilianza kuonekana Uganda. Ikasonga kila mwaka, ikaingia nchi za jirani, ikavuka mpaka mpaka kwetu mashariki mwa Kongo, na wazee wanaokumbuka mashamba yaliyogeuka njano katika miaka iliyofuata hawahitaji tuwaeleze njaa yake. Wasomi walipoisoma, mwaka 1997 walitoa habari ambayo inahusu moja kwa moja yale tuliyoeleza. Virusi hiyo ilikuwa mchanganyiko. Uzi wake mwingi ulikuwa wa virusi ya mozaiki ya Afrika Mashariki, lakini sehemu ya katikati ya maagizo ya ganda ilitoka kwa virusi nyingine, ile mozaiki ya Afrika ya zamani. Virusi mbili zilikutana ndani ya mmea mmoja, na katika kunakili nyuzi, kipande kimoja kikahamia upande mwingine.

Vipimo vya labo vya wakati ule vilitambua virusi kwa kugusa ganda lake. Kwa hiyo virusi mpya ilipofika katika kipimo, kipimo kilisema: hii ni ile ya zamani. Nguo iliwadanganya. Ilibidi kusoma uzi wenyewe ndipo ukweli ukatoka.

Kwa maoni yetu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika makala haya. Mmea wa muhogo wenye mozaiki ulioachwa shambani «juu bado unatoa sombe kidogo» si mmea mmoja tu uliopotea. Ni chumba ambamo virusi mbili zinaweza kukutana. Hatuwezi kuzuia mkutano huo kwa pampu. Tunaweza kupunguza vyumba.

Dawa za watu, na muhogo

Mtu atauliza: kama wasomi wanajua vipande vinavyoshikana, juu ya nini wasitengeneze kitu cha kuvizuia visishikane? Swali zuri, na kwa binadamu wameanza. Virusi ya SIDA ina ndani yake ganda lenye umbo kama pia ya watoto, lenye vikundi karibu 250 vya vipande sita, na tena, kama balo yetu, vikundi 12 vya vipande vitano. Dawa inayoitwa lenacapavir inajibandika katikati ya vipande hivyo na kuharibu kazi ya ganda. Ilikubaliwa Ulaya na Marekani mwaka 2022, na inapigwa kwa sindano mara moja kwa miezi sita. Na chanjo ya kuzuia kansa ya shingo la uzazi, iliyoanza kutolewa 2006, ni maganda matupu: vipande 360 vinajijenga vyenyewe kuwa balo bila uzi ndani, mwili wa msichana unajifunza sura ya balo hiyo, na siku virusi yenyewe ikija inakuta askari wamesimama. Mama wenye mabinti, chanjo hiyo ikifika katika kituo chenu cha afya, msiiogope. Ndani hakuna uzi, hakuna kitu cha kuzaa ugonjwa.

Lakini muhogo hauna damu ya kusambaza dawa kama mwili wa mtu, haupigwi sindano, na sindano moja kwa kila shina ingemshinda hata tajiri. Hakuna dawa ya namna hiyo inayouzwa kwa mozaiki ya muhogo. Anayewauzia chupa na kuiita dawa ya mozaiki, labda ndani mna sumu ya wadudu, labda mna maji yenye rangi. Sumu ya wadudu inaua inzi weupe wa leo, wengine wanakuja kesho kutoka shamba la jirani, na mmea ulioisha kuingiliwa haiuponyi.

Kinachobaki ni kufunga milango miwili: mti wa kupanda, na inzi. Mlango wa kwanza ndio ulio mikononi mwetu. Chagua mama wako mapema, wakati majani machanga yanaonyesha wazi ugonjwa ama afya, hapana siku ya mavuno ambapo majani yameanguka na kila shina linafanana. Funga kamba ao kitambaa juu ya mashina mazuri, na siku ya kukata miti, kata hayo peke yake. Katika miezi miwili mitatu ya kwanza pita shambani kila wiki, mmea unaojikunja ung'oe na mizizi yake, uutoe shambani. Usipande shamba jipya ubavuni mwa shamba la zamani lenye ugonjwa, juu inzi hawana safari ndefu. Na ulizeni aina zinazovumilia mozaiki. INERA Mulungu na vituo vingine vya uzidishaji wa mbegu wanazo, lakini hata aina inayovumilia inahitaji kuchaguliwa kila msimu.

Kwa koperative zinazogawa miti kwa wanachama, tunasema bila kuficha: fungu dogo la miti safi ni afadhali kuliko lori nzima isiyokaguliwa. Tunajua lori linapendeza katika picha ya ripoti. Tunawaomba wenye kukataa miti mibaya mlangoni wasiambiwe kwamba wanachelewesha mradi. Weka watu wawili wa kamati shambani kwa mwenye kuuza, siku chache mbele ya kukata, wakati majani bado yako juu.

Swali la mwisho tunalolipata mara nyingi, hasa kutoka kwa mama: sombe ya muhogo wenye mozaiki inaweza kuugonjesha mtoto? Hapana. Virusi ya muhogo haina mlango katika mwili wa mtu, na vipande vyake vya proteini vinasagwa tumboni kama proteini nyingine yoyote. Sombe twangeni na kuchemsha vizuri kama siku zote, lakini hiyo ni juu ya sumu ya muhogo wenyewe, na sumu hiyo iko katika jani zima kama ilivyo katika jani la njano.